Ganzi ya Misumari

Kama hujawahi kuona watu wawili wakivalisha kochi moja bila kusemezana, ungekuja pale kwetu. Mimi nauza vitambaa vya makochi, na duka langu limepakana ukuta na karakana ya ndugu wawili. Mkubwa tulimwita Misumari, kwa sababu akiwa kazini hujaza misumari midogo mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuipigilia. Mdogo wake hakupewa jina la utani. Tulimwita Mdogo tu, na mvi zake zote. Kochi linataka mikono minne, huyu avute kitambaa, yule apigilie. Basi Misumari akigonga fremu mara moja, Mdogo anavuta. Akigonga mara mbili, analegeza. Likiwepo neno la kusema, linapitia kwangu.

“Mama Vitambaa, mwambie huyo sponji imeisha.”

Na huyo kasimama hapo hapo, unaweza kumgusa kwa kiwiko! Nilikuwa nawaambia mimi si simu yenu, lakini nafikisha.

Hawakuanza hivyo. Mama yao aliugua tumbo, hospitali wakataka kumpasua, na Misumari, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, akakubali. Mama akapewa dawa ya usingizi, asiamke tena. Siku ya mazishi, mbele za watu, Mdogo akamwambia kaka yake, “Wewe ndiye uliyemlaza.” Tangu hapo Misumari akawa anangoja aombwe radhi, na yule mwingine haya zilishamfunga mdomo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nimelima mpaka mgongo umepinda, kapu sijaligusa.

Sasa meno. Kuuma chuma maisha yako yote hakukuachi salama. Shavu la Misumari likavimba, chakula kikawa uji, na daktari wa meno, mama mmoja mpole, akamwambia magego matatu yang'olewe kwa mpigo mmoja, moja limevunjikia ndani ya ufizi. Haya alinisimulia mwenyewe.

“Baba, naweza kukuchoma ganzi tu, ukawa macho,” daktari alimwambia. “Lakini nisikufiche, penye usaha ganzi haishiki vizuri. Au nikuwekee dawa ya mshipani, usinzie, ukizinduka kazi imekwisha. Ingekuwa mimi, ningechagua hiyo.”

“Nitazinduka?”

“Utazinduka. Hii si nusukaputi, ni kusinzia tu. Ila uje na mtu wako mzima. Akungoje hapa nje, akurudishe nyumbani, alale na wewe nyumba moja. Una nani?”

Una nani! Mke alishatangulia mbele ya haki, mtoto hakujaliwa. Akaja dukani kwangu kashika shavu.

“Ningekwenda,” nikamwambia, “lakini wewe mjane, mimi mjane. Nikilala kwako leo, kesho tutakuta mtaa umeshatuozesha.” Akacheka huku anaugulia. “Mdogo wako yupo. Mwambie.”

“Mwambie wewe.”

Hapo nikapandwa na hasira. “Hilo silifikishi. Hilo utalisema kwa mdomo wako mwenyewe.”

Alijaribu, nisimsingizie. Nilikuwa mlangoni nikimwona. Alikohoa, akaweka nyundo chini, akamgeukia mdogo wake. Mdogo akasimamisha mkasi katikati ya kitambaa, akangoja. Nikasema moyoni, haya, Mungu, leo. Misumari akaokota nyundo, akagonga fremu mara moja. Mdogo akavuta.

Akaenda peke yake, akachagua ganzi. Daktari alimwuliza tena na tena kama kweli hana mtu, naye akasema hana. Magego mawili yalitoka bila matata. Lile lililovunjika ndilo lililokuwa na usaha, na huko ganzi haikufika. Muuguzi alimshika kichwa kwa mikono miwili. Misumari mwenyewe aliniambia baadaye, akitazama sakafu, kwamba alipiga kelele akimwita mama yake, mtu mzima na mvi zake.

Alirudi kwa miguu, akakosea kupitia karakana badala ya kwenda kulala. Pamba kaiuma, mdomo umelegea upande mmoja, damu imechuruzikia kwenye shati. Mdogo aliinua macho, na mkasi ukamponyoka.

“Kaka,” akasema. Neno hilo lilinisisimua mwili. “Kaka, hawakukulaza?”

Huyu mtu alikuwa na hofu ya kweli, na upendo, na majuto ya siku ile ya mazishi, vyote ndani ya swali moja. Misumari akafungua mdomo ajibu. Mate na damu vikataka kumwagika, akavivuta ndani haraka, na kwa midomo ile iliyokufa ganzi ukatoka msonyo. Mrefu, wa kumfukuzia mbwa.

Mdogo akarudi nyuma.

“Ni ganzi hiyo!” nikapiga kelele. “Mdomo wake hauna habari!”

“Nimeona, Mama Vitambaa,” Mdogo akasema taratibu. “Ganzi hutoka. Nitangoja.”

Misumari akatikisa kichwa, akaenda zake nyumbani. Sikujua kile kichwa kinakubali au kinakataa.

Asubuhi yake Mdogo alifika kabla ya mtu yeyote. Hakushika kazi. Alikaa kwenye kochi lisilovalishwa, kavaa shati safi, macho barabarani. Misumari akaja, shavu limepungua.

“Umeamkaje, Mama Vitambaa?” akaniuliza, kwa sauti safi kabisa, kila herufi mahali pake.

Nikamwambia nimeamka salama. Akaingia, akapita mbele ya magoti ya mdogo wake, akatandika kitambaa mezani, akaanza kupima.

Mdogo alimtazama mgongo mpaka jua likawa kali. Kisha akakusanya mkasi wake, koleo na chaki, akavifunga kwenye kipande cha turubai. Nilimfuata nje, nikamshika mkono.

“Mwulize tena, mwanangu. Mara moja tu.”

“Nilishauliza,” akasema, akaondoka.