Msaragambo Usio na Kahawa

Ensio Tarkiainen alipotimiza miaka sitini, nchi yake iliacha kumhitaji. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo lenyewe. Mwaka ulipokwisha, jina lake lilifutwa katika orodha ya jeshi la akiba, kama yanavyofutwa majina ya masajenti wote wa umri wake. Alitazamia barua, walau mistari miwili ya shukrani. Januari nzima alishuka ngazi kwenda kwenye sanduku la posta akiwa amechomekea shati vizuri. Kilichokuja ni tangazo la miwani ya kusomea.

Alibakiwa na cheo kimoja tu duniani: mlinzi wa handaki la jengo. Ni jengo la ghorofa tano mjini Lappeenranta, karibu na mpaka wa nchi jirani, lenye nyumba thelathini, na chini yake kuna handaki la zege lenye mlango wa chuma unaohitaji mabega mawili kuufunga. Siku za amani wakazi huweka humo baiskeli, skii na takataka ambazo hawana moyo wa kuzitupa. Hatari ikija, vyote hivyo lazima viwe vimetolewa ndani ya siku tatu, na kazi ya kuhakikisha hilo ilikuwa ya Ensio kwa miaka kumi na tisa.

Aliifanya kazi hiyo kwa matangazo. Miaka arobaini ya kutunza ghala la kiwanda cha karatasi ilikuwa imemfundisha kwamba binadamu haongozwi ila kwa maandishi yenye namba. Ubao wa ngazini ulijaa makaratasi yake. Tangazo la mia moja na nne lilimkumbusha mwenye maboksi matatu yasiyo na jina, kwenye kona ya kaskazini, kwamba uzembe wa mtu mmojammoja ndio unaoziangusha nchi ndogo. Lilikuwa onyo la tatu kuhusu maboksi hayo, na Ensio alilipigia mstari mwekundu.

Mwezi Aprili mambo mawili yalimfikia kwa wakati mmoja. La kwanza, mkaguzi wa mji angekuja Jumatatu kukagua handaki, nalo lilitakiwa kuwa tupu, kavu na mlango wake ufunge. La pili, siku ya pili yake ulikuwa mkutano wa mwaka wa wakazi, na mtu fulani alikuwa amependekeza mlinzi mpya: Jonna Vesterinen, muuguzi wa ghorofa ya tatu, binti wa miaka thelathini na miwili mwenye nywele za rangi ya zambarau. Handaki likikataliwa Jumatatu, Jumanne Ensio angekuwa mstaafu wa kila kitu.

Akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya jengo zima. Kila nyumba itoe mtu mmoja, Jumamosi saa nne asubuhi. Chini ya tangazo aliongeza sentensi aliyoifikiria juma zima na kuiona nzuri sana: *Kahawa haitatolewa, kwa kuwa wajibu kwa taifa hauhongwi.*

Mkewe Tellervo aliisoma akiwa ameshika kikapu cha nguo.

"Ensio, toa hiyo sentensi."

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa. Ila hutapata mtu."

"Baba yangu alichimba mahandaki kwa uji wa shayiri na maji baridi."

"Baba yako alilalamikia kukosa kahawa mpaka siku ya kufa kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikiliza."

Hakuitoa. Mtu wa kanuni akishaandika jambo zuri, hata malaika hawamfutishi. Lililokuwa baya zaidi ni kwamba Ensio mwenyewe alikuwa akinywa vikombe sita kwa siku, na Jumamosi hiyo alishuka handakini na chupa ya chai iliyojaa kahawa hadi kwenye kizibo, ameificha ndani ya koti. Alijiambia kwamba kiongozi ana mahitaji maalumu.

Saa nne ilifika. Saa nne na robo ikafika. Ensio alitoka uani, akasimama kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, akatazama juu. Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, kichwa kikachungulia.

"Afande! Kahawa ipo?"

"Hakuna. Soma tangazo!"

"Nimesoma. Nilidhani umeghairi."

Dirisha likafungwa. Juu zaidi alisikia mtu akicheka, na mwingine akiuliza, "Kasema ipo?" na wa kwanza akijibu, "Hana hata andazi."

Basi Ensio akajikaza. Baiskeli arobaini na moja, alijiambia, ni suala la mpangilio tu. Ya kwanza aliitoa kwa heshima. Ya tano aliiburuta. Ya tisa aliitukana. Akaziacha baiskeli, akaona ni afadhali ashughulikie kwanza yale maboksi matatu ya kona ya kaskazini, ili Jumanne aweze kumtaja mwenye nayo mbele ya mkutano. Akalipasua la juu kwa kisu. Ndani mlikuwa na makopo ya supu ya njegere yaliyoisha muda miaka kumi na mitano iliyopita, na juu yake karatasi yenye mwandiko safi, wima, wa mtunza ghala: *Akiba ya siku tatu. Nyumba namba 14. E. Tarkiainen.*

Aliisoma tena, neno kwa neno. Maonyo matatu! La mwisho lilikuwa limetumia maneno "mtu asiye na haya". Wazo lake la kwanza, na hili alikuja kulisimulia mwenyewe baadaye, halikuwa toba. Lilikuwa kuchana ile karatasi. Wazo la pili lilikuwa kuyabeba maboksi yote matatu kwa mkupuo mmoja, haraka, kabla hajatokea mtu.

Mgongo ulikataa. Kitu kililia chini ya kiuno kama tawi kavu likivunjika, na sajenti mstaafu akajikuta chali kati ya mkokoteni wa theluji na skii za watu, makopo yakibingirika kumzunguka. Alitoa simu. Hakuna mtandao, kuta zile zilijengwa zizuie mengi zaidi ya mtandao. Akaita. Sauti yake ilirudi kwake nzima nzima, ushahidi kwamba zege lilikuwa la daraja la kwanza.

Alilala pale dakika arobaini. Chupa yake ilikuwa imebingiria hadi chini ya baiskeli, mahali ambapo aliiona vizuri na hakuweza kuifikia.

Aliyekuja hatimaye ni Mama Raili wa nyumba ya kwanza, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyekuwa akifuata mtungi wake wa juisi.

"Ensio? Umelala?"

"Nakagua sakafu."

"Ikoje?"

"Kavu."

Mama Raili akainama, akaokota kopo, akalisoma tarehe. Akasoma na ile karatasi. Kisha akaiona chupa, akaifungua na kuinusa.

"Kumbe," akasema. "Wajibu hauhongwi, ila una kizibo."

"Mama Raili, tafadhali. Mgongo."

"Nyamaza mwanangu, nasema mimi. Mama yangu alipika kahawa ya watu mia mbili kwenye hema kule mstari wa mbele wa vita. Ya shayiri iliyochomwa, haikuwa hata kahawa. Unadhani walikuwa hawajui wajibu wao, wale? Walikuwa wanakufa. Lakini mtu aliyekutengenezea kitu cha moto amekuona kwamba upo. Wewe miaka kumi na tisa unatubandikia karatasi."

"Kwanza," akaanza Ensio. Alikuwa na jibu lenye vipengele vinne, lakini mtu aliyelala chali katikati ya supu yake mbovu hafiki mbali na vipengele.

Mama Raili alipanda ngazi taratibu hadi kwa Tellervo. Huko alikuta birika mbili kubwa zimeshajaa na sinia tatu za maandazi ya iliki zimefunikwa taulo. Tellervo alikuwa ameamka saa kumi na mbili kuyaoka, kwa kuwa alimfahamu mumewe. Wakaacha mlango wa handaki wazi na kuweka birika chini ya ngazi. Harufu ilipanda peke yake, ghorofa baada ya ghorofa, bila namba wala mstari mwekundu, na kabla ya robo saa watu ishirini na wawili walikuwa handakini wamevaa glavu.

Wa mbele alikuwa Jonna. Alimpapasa Ensio mgongo kwa mikono ya kiuguzi, akamketisha kwenye kiti cha kukunja, kisha akawageukia watu. Hakupaza sauti. "Baiskeli kwanza, kuanzia mlangoni. Wawili wawili kwenye vitu vizito. Wewe, mlango huo uushikilie, usijifunge." Ensio alizitambua sentensi za namna hiyo. Hazifundishwi hospitalini.

"Umezitoa wapi hizo?" akauliza.

"Jeshini. Nilijitolea mwaka mzima, na mazoezi ya akiba kila mwaka tangu hapo."

"Cheo?"

"Luteni usu." Akatabasamu kidogo. "Kaa hapo, sajenti. Hesabu watu, usinyanyue kitu."

"Ndiyo, luteni," akasema Ensio. Mtu wa ghorofa ya pili alicheka hadi andazi likampalia.

Saa nane handaki lilikuwa tupu na limefagiliwa. Jumatatu mkaguzi aliuzungusha mkono wa ile mashine kuukuu ya kuingiza hewa handakini, akaufunga mlango na kuufungua, akatia saini. Aliandika dosari moja tu: maboksi matatu ya chakula kilichooza yaliyoachwa uani, mwenye nayo ayaondoe.

Jumanne Ensio aliingia mkutanoni akitembea amepinda upande mmoja kwa ajili ya mgongo. Mfukoni alikuwa na hotuba ya kurasa nne juu ya nchi ndogo na jirani mkubwa. Mwenyekiti alipomwita, alisimama, akaiacha hotuba humo humo mfukoni.

"Yale maboksi ni yangu," akasema. "Maonyo yote matatu nilikuwa najiandikia mwenyewe, na sikutii hata moja."

Ukumbi ukaangua kicheko, wala hakikuwa kibaya. Akangoja kitulie.

"Nami nampendekeza Jonna Vesterinen awe mlinzi. Mimi niliwaita ninyi siku moja katika miaka kumi na tisa, hakuja mtu. Mtu ambaye hakuna anayemfuata hata kutoa baiskeli, siku ya mabomu atamwongoza nani?"

"Nakubali," akasema Jonna, "kama atakuwa msaidizi wangu. Mashine ile ya hewa hakuna mwingine anayeijua."

"Na matangazo?" akauliza Mama Raili kwa wasiwasi.

"Matangazo nitaandika mimi," akasema Jonna.

Mwenyekiti akaomba wanaounga mkono wanyooshe mikono. Ensio alijaribu kuunyoosha wake, ukakwama usawa wa sikio. Tellervo akamshika kiwiko, akakisukuma juu, akakishikilia pale mpaka kura zote zilipohesabiwa.