Slaidi za Salamu

Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari Koboko, mpakani kaskazini mwa Uganda, na adui yangu si virusi. Ni maandishi yanayoruka. Mwanafunzi akishajua kwamba herufi zinaweza kuingia zikizunguka, basi, umempoteza. Atanakili daftari zima la bayolojia kwenye slaidi moja, awape wenzake mgongo, asome ukuta mpaka kengele ilie. Nimepiga kelele mpaka koo limekauka: slaidi moja, jambo moja. Picha ikisema, wewe nyamaza.

Mmoja alinielewa. Msichana wa kutoka Dranya, hapa hapa wilayani, mkali kidogo, hacheki ovyo. Pampu ya maji ya shule ilikuwa imekufa siku nyingi, na wasichana wa bweni ndio waliotumwa mtoni kila asubuhi. Wakirudi, kipindi cha kwanza kimeshapita. Kipindi hicho kilikuwa kemia, na yeye alitaka uuguzi, kwa hiyo alikuwa anaona ndoto yake inamtoka hivihivi. Tuliposikia wakubwa wa wilaya wanakuja kututembelea, akaomba awaoneshe hali ilivyo.

Tukaandaa slaidi chache tu. Ya kwanza ilikuwa picha ya pampu, na mbuzi amefungwa kwenye mpini wa pampu, anatafuna majani. Hakuna neno hata moja. Nilijivunia slaidi ile kuliko cheti changu.

Mwalimu mkuu akaja kukagua. Akaitazama, akakunja uso.

"Mwalimu, salamu iko wapi? Unaonesha wakubwa mbuzi kabla ya kusalimia watu?"

Huku kwetu salamu si mchezo. Ukishika kipaza sauti unataja wageni wote kwa vyeo, wa juu kwanza, na ukimruka mmoja umenunua ugomvi. Hilo nalijua, nimezaliwa Arua, mji jirani. Lakini yeye alitaka kila cheo kiwe na slaidi yake, na picha ya mwenyewe, na maua ya waridi pembeni. Mgeni rasmi. Mwenyekiti. Mashehe, mapadri, wachungaji. Mfanyabiashara wa mpakani, kwa sababu alituazima viti. Na wote waingie wakizunguka. Nilipobisha akaniuliza kama watu wa Arua hatukufundishwa heshima. Nikameza hasira, maana ndiye mkubwa wangu, nikaanza kutafuta maua.

Siku ilipofika umeme haukuwepo, kama kawaida, tukawasha jenereta. Msichana akasoma salamu zote, sauti imenyooka. Wakubwa walifurahi kama watoto. Kila mmoja alingoja uso wake uzunguke, kisha akapigiwa makofi. Mwenyekiti aliomba wa kwake urudishwe ili aupige picha kwa simu. Nikawa nasikiliza jenereta, roho juu. Mbuzi alipoanza kutokea, pembe tu, jenereta ikakohoa ikazimika. Petroli imekwisha, na nyingine hakuna.

Mwalimu mkuu akasimama haraka. "Makofi kwa huyu binti. Sasa chakula iko tayari."

Na kwa kuwa ni binti, akapewa jagi na beseni awanawishe wageni. Nilitamani kutoboa kipaza sauti kwa meno. Akapiga goti mbele ya mgeni rasmi, akamimina. Maji yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Mzee akarudisha mikono.

"Binti, maji hii umetoa wapi?"

"Kwa mto, mzee. Pampu ya shule imekufa. Sisi wasichana tunaenda mtoni, kemia inatupita."

Mwalimu mkuu akawa anatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, haya, slaidi imefika hata bila projekta. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huruma, pole sana, binti, kisha akamwita dereva wake alete katoni ya maji ya chupa kutoka garini. Wakanawa kwa maji ya chupa, mmoja mmoja, kwa vyeo, wa juu kwanza. Aliyewamiminia ni binti yuleyule.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu aliniita ofisini, meno yote nje. Wageni wamesifu mno. Safari ijayo niongeze slaidi za shukrani, na waridi ziwe kubwa zaidi. Nikasema ndiyo, mkuu. Nilipotoka nikapita karibu na darasa la kemia, kipindi cha kwanza kinaendelea. Kiti cha yule msichana kilikuwa kitupu. Alikuwa mtoni.