Mbegu ya Tatu

Vijana wa biro yetu wananicheka kwa sababu ya kopo. Wao wana tableti, wana viti vinavyozunguka, wana feni. Mimi mezani mwangu, hapa mjini Baraka, nina kopo la maziwa ya unga lililojaa maharagi. "Mama, leo utapika saa ngapi?" wananiuliza asubuhi, kisha wanavunjika mbavu. Nawajibu kwamba nitapika siku watakayojifunza kuwasalimia bamama walio kwenye benchi kabla ya kuwasha mashine zao. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Lakini kopo hilo siliondoi.

Biro yetu ni ofisi ya afya na mambo ya jamii ya mji. Leo ina milango mitano. Nilipoanza kazi ilikuwa chumba kimoja cha mabati, nyuma ya mahali wanapoanika ndagala za ziwani, na meza moja tu. Upande wa dirisha alikaa shefu wangu, mkuu wa biro, mama muuguzi, mnene kidogo, mdomo mkali: huo ndio ulikuwa upande wa afya. Upande wa mlango nilikaa mimi, na hiyo ndiyo ilikuwa jamii yote. Mwenye mtoto wa homa ananipita. Anayetafuta karatasi ya kutibiwa bure, au aliyeunguliwa na nyumba, au ambaye mume wake amevuka ziwa na harudi, anaishia kwangu. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye shida zote, basi anasogea tu kwenye benchi kutoka ncha hii mpaka ile, na sisi tunapeana daftari juu ya meza. Hakuna aliyeambiwa aende mlango namba nne. Nakumbuka harufu ya ndagala dirishani, frigo ya chanjo ikinguruma pembeni, na shefu akigombana nayo: "We frigo, ukinizimikia leo, tutaonana!" Mungu wangu, nilivyoipenda ile biro!

Kila fishi, ile fomu tuliyomjazia mtu, ilikuwa na mstari mmoja: watoto wangapi. Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kwetu mama hahesabu watoto wake kwa mdomo, awe wa hapa ziwani au aliyeshuka kutoka milima ya juu. Ukiwahesabu unawaitia mabaya. Ukimuuliza anatazama dari, "Mungu njo anajua," au anakukata kabisa: "Batoto yangu ni mbuzi?" Wakubwa wetu wakatuandikia barua kwamba tunajaza fishi ovyo. Shefu akaisoma, akasonya, na kesho yake akaja na kopo. Mama akifika, anasukumiwa kopo. "Mama, weka mbegu, moja kwa kila mutoto." Mama anaziweka mezani bila neno, mimi nahesabu maharagi. Hakuna aliyehesabu mtoto. Na shefu alinionya tangu siku ya kwanza: andika kile maharagi yanachosema, usiongeze, usipunguze.

Kulikuwa na sheria nyingine, ya chupa. Chupa moja ya chanjo ya surua inatosha watoto kumi, na ikishachanganywa na maji yake haifiki jioni, kinachobaki kinamwagwa. Kwa hiyo shefu hakuifungua mpaka watoto kumi wako kwenye benchi. Wakiwa sita au saba, "Murudie mardi." Mama ametembea kutoka kijiji cha Lweba na mtoto mgongoni, anaambiwa arudi mardi, Jumanne ijayo! Sheria ilitoka juu, haikuwa ya shefu, lakini aliishika kwa meno. Akishawarudisha, anaingia stoo na kukaa huko kidogo peke yake. Mimi nilidhani anapanga barafu.

Sasa sikieni upumbavu wangu. Siku moja aliingia bibi mmoja, koko kama tunavyosema huku, na wajukuu wawili wakubwa wakubwa. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya juu na kukaa Lweba, na Kiswahili chake kilikuwa bado na mwendo wa kule. Alitaka karatasi ya kutibiwa bure kwa watoto wa nyumba yake. Benchi limejaa, jua limewaka, njaa inaniuma. Nikamsukumia kopo. Akaweka mbegu tatu. Nikatazama mbegu, nikatazama watoto. Wawili. Nikajiambia koko amechoka, mbegu moja imemponyoka tu. Nikaandika wawili, nikapiga muhuri, nikarudisha mbegu zote ndani ya kopo. Koko hakujua kusoma. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda.

Haikupita wiki, habari ikatoka kijiji cha Swima: surua. Mikeka ya kituo cha kule ilikuwa imejaa watoto wenye macho mekundu. Na kati ya Swima na Lweba watu wanapita kila siku, kwa mitumbwi ya motor na kwa barabara. Shefu akafungua daftari langu apange nyumba za kupitia Lweba, nami nimesimama nyuma yake. Akafika kwenye mstari wa koko, ambapo niliandika wawili na miaka yao. "Hawa bawili ni bakubwa," akasema, "balishachanjwa kule juu. Pale hatupite." Nilitaka kunyamaza, kusema kweli. Niliogopa sana.

"Mama shefu," nikasema, "aliweka tatu."

Akageuka polepole. "Tatu?"

"Tatu. Niliona bawili, nikaandika bawili."

"Aka! Maharagi inasema tatu, weye unaandika mbili? Macho yako njo ilizaa bale batoto?"

Alinigombeza kutoka mezani mpaka barabarani, huku akipakia barafu, chupa moja na maji yake ndani ya sanduku la baridi. Kama koko alimwacha mmoja nyumbani, alisema, basi ni mdogo wa kuogopewa jua, na mdogo wa hivyo ndiye surua inamtafuta. Tukapanda pikipiki watu watatu, dereva, shefu, na mimi nyuma kabisa, nimekumbatia sanduku, nalia, vumbi linaganda na machozi usoni. Niliomba kitu kimoja tu: tumkute hana homa.

Tulimkuta koko akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alipotuona alifikiri tumekuja kumnyang'anya karatasi yake, akaisukuma ndani ya kitenge. Shefu, ambaye hata wakubwa wa mji hakuwainamia, akapiga magoti mbele ya kile kinu.

"Koko, samahani. Ile mbegu ya tatu iko wapi?"

Koko akaegemeza mchi kinuni. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitoto cha kike cha miezi kama tisa, kimelala, mdomo wazi. Mama yake alifariki kwa kumzaa, alituambia, na yeye hakutaka kumpitisha kwenye lile jua mpaka Baraka. Shefu akamgusa paji la uso, akamfungua mdomo akachungulia, akamwangalia nyuma ya masikio, akamfunua kope.

"Hana kitu," akasema. "Bado hana kitu."

Hapo nikakumbuka chupa. Nikamnong'oneza, "Mama shefu, lakini iko mutoto moja tu."

"Hata angekuwa nusu!" akajibu, akang'oa kifuniko.

Akachanganya dawa na maji yake, akaivuta. Kitoto kilipigwa sindano, kikapiga yowe nyumba zote zikasikia, na shefu akanigeukia: "Sasa kimbia! Ita batoto bote, chupa isiharibike!" Nikakimbia, na koko akanipita, naapa, amefunga kitenge kiunoni, sauti mpaka ufukoni: "Bamama, chupa iko wazi! Mulete batoto!" Wakaja kutoka kwenye nyavu, kutoka kwenye mihogo, wengine na sabuni bado mwilini. Chupa iliisha jua likiwa bado juu. Tuliporudi mjini shefu alininunulia chai na mandazi, akanitazama mpaka nikamaliza.

Tangu siku ile sikumsikia tena akisema mardi. Mtoto mmoja akifika, chupa inafunguliwa, na mimi natumwa mtaani kutafuta watoto wa kuimaliza. Nilizunguka Baraka mpaka ndala zikaisha. Nililalamika kila siku, na leo ningetoa kitu chochote nitumwe tena.

Alistaafu mwaka tuliohamia biro ya milango mitano. Fishi yake ya kustaafu niliijaza mimi, kwenye meza ile ile ya zamani, frigo ikiwa imeshabebwa, chumba kimya. Miaka ya kazi, mahali pa kazi, kisha mstari ule: watoto wangapi. Sikuhitaji kumuuliza. Watoto wake nawajua wote watatu, nimecheza kwenye harusi zao. Nikaanza kuandika, akanishika mkono wa kalamu. Akavuta kopo, akaweka mbegu mezani, moja moja.

Zilikuwa nne.

"Wa kwanza," akasema. "Surua. Nilikuwa nimemupeleka kwa chanjo. Kwenye benchi kulikuwa batoto sita. Baliniambia nirudie mardi."

Nikazitazama zile mbegu, nikachukua kalamu, nikaandika wanne.