Nyaya Mbili Alizoziita Mapambo

Mjomba wangu tulimwita Risasi, kwa sababu nguo zake zilinuka risasi ya kuchomelea hata zikitoka kufuliwa. Alitengeneza redio miaka thelathini na tano katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Redio zilipoadimika akageukia kebo za chaji zilizokatika. Ndani ya kebo ya USB mna nyaya nne. Yeye aliunga nyekundu na nyeusi, za umeme, na nyeupe na ya kijani akazikata. "Hizo mapambo," alisema. Simu ilijaa chaji, mteja akarudi tena na nyingine.

Kisha dada yake, ambaye ni mama yangu, akapata kiharusi. Kilimnyang'anya mkono wa kulia, nguvu za mkono wa kushoto na maneno yote. Mwanamke aliyekuwa karani wa kupiga chapa, mwenye mdomo wa kutosha mtaa mzima, akabaki na kidole gumba cha kushoto. Na alikuwa na jambo la kuniambia. Kila nilipokuja kumwona alinibonyeza mkono kwa kidole hicho akatoa sauti, nami nikabahatisha: maji? dawa? mto? Alifumba macho kwa hasira, na alikuwa na haki.

Mjomba akasikia habari za vibao vidogo, ukubwa wa biskuti, unavyochomeka kwenye kompyuta ukavipa programu, vikafanya kazi ya kibodi. Angekifungia kibao kimoja kitufe kikubwa. Herufi zipite zenyewe kwenye kioo, Mama abonyeze anayoitaka.

"Dada, nipe wiki mbili," akamwambia. "Utanitukana mwenyewe, kwa herufi kubwa."

Mama alicheka kwa nusu ya mdomo.

Somo la kwanza la kila anayeanza ni kuwasha na kuzima taa ndogo iliyo juu ya kibao. Mjomba akachomeka kibao kwa kebo. Kilipata umeme, lakini kompyuta haikukiona. Akafuta programu, akaiweka upya. Akanunua kibao cha pili, mambo yakawa yaleyale. Akaanza kusema umri umemtupa mkono.

Alinipigia simu mara moja. Mimi nalishwa na kompyuta, hiyo ndiyo kazi yangu, na siku hiyo nilikuwa na haraka zangu za kijinga.

"Zima, halafu washa tena, Mjomba," nikamwambia, nikakata.

Hakupiga tena. Fundi wa umri wake haombi mara mbili.

Wiki ya sita nilikwenda likizo. Nilimkuta Mjomba mezani, miwani imepanda kwenye paji la uso, amezungukwa na karatasi za masomo alizozijaza mistari ya kalamu nyekundu. Nikaishika kebo ya kibao na kuona utepe mweusi katikati.

"Mjomba, hii umeiunga wewe?"

"Zote humu ndani nimeziunga mimi."

"Umeunga nyaya ngapi?"

Aliinua vidole viwili. Nilitoa kebo nzima kwenye begi langu. Programu ikaingia mara moja, taa ikaanza kuwaka na kuzima. Kompyuta huzungumza na kibao kwa zile nyaya mbili alizoziita mapambo.

"Wiki sita," alisema, akavua miwani.

Tulifanya kazi siku nne bila kupumzika. Asubuhi ya siku ya tano, Mjomba akipiga msasa kisanduku cha kitufe ili kisimkwaruze dada yake, kiharusi cha pili kikaja. Mama alirudi kutoka hospitali akiwa hai, lakini kidole gumba kimelala. Tulikiweka juu ya kitufe hivyo hivyo. Herufi zilipita kwenye kioo, zikarudi mwanzo, zikapita tena. Mama alizifuata kwa macho. Mjomba ndiye aliyezima kompyuta.

Mama alifariki mwezi uliofuata. Alichotaka kuniambia sikijui, na yale maneno yangu ya kwenye simu nayasikia mpaka leo.

Juzi nilikuwa dirishani kwa Mjomba mteja alipoleta kebo iliyokatika.

"Ya chaji tu hiyo, fundi. Unga mbili, nina haraka."

"Kaa," Mjomba akamwambia, akaziunga zote nne.