Ukelele wa Dunguni

Kazi yangu nikiieleza huku bonde la Mkongo, watu hucheka, nami hucheka nao. Natafuta miale ya gamma. Nyota mbili zilizokufa zikigongana huko mbali kusikosemeka, anga lenyewe hutikisika. Viko vyombo duniani vinavyousikia mtikisiko huo, na sisi wengine tunakimbilia data za setilaiti kuona kama mgongano uleule ulitoa na mwanga mkali wa miale hiyo. Mara nyingi hakuna kitu.

Msimu ule mpunga ulikuwa unaiva, nami niko likizo kwa mama. Likizo jina tu, maana zamu yangu ya kwanza ya peke yangu ilinifuata na kompyuta yake. Nyumbani mtandao haukamatiki. Unakamata juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunamokaa kulinda shamba. Basi mama na debe lake la kupigia wanyama kelele, mimi na kompyuta yangu, tukabanana humo.

Asubuhi moja simu ikalia na ujumbe wa vile vyombo: nyota zimegongana. Nikafungua data za setilaiti za wakati uleule. Jamani! Kwenye kioo, mstari uliokuwa umelala ukasimama kama mnazi. Nikasahau nilipo.

"Ipo! Mama, ipo!"

Sasa, mtu wa bondeni hapigi ukelele dunguni hovyo. Ukelele maana yake nguruwe pori wameingia. Kila dungu hujibu kwa debe, kisha watu hushuka na mapanga kusaidia. Kabla sijafunga mdomo, madebe yalikuwa yanalia bonde zima. Wakaja wanatweta, matope hadi magotini, mbele yao bibi mmoja, jirani yetu wa shamba la pili.

"Wako wapi?"

"Si nguruwe, bibi. Ni nyota."

Wengine wakaangua kicheko, wengine wakasonya. Mama hakucheka hata kidogo.

"Siku wakija kweli, nani atatoka? Mpunga huu ndio chakula changu cha mwaka mzima, we mtoto!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Taarifa yangu ya kutangaza mwanga huo ilikuwa tayari, imebaki kubonyeza tu, na wenye darubini kubwa wangezigeuza zielekee huko kwa neno langu. Lakini maneno ya mama yalinirudia. Nikarudi kukagua setilaiti ilikuwa wapi wakati ule. Loh! Ilikuwa inakaribia lile eneo la juu ya Atlantiki ya kusini ambako chembe za mionzi zimejaa tele na huizuga mitambo. Mwanga wangu ulikuwa huo, basi. Nikafuta yote, nikaandika kwamba hatukuona kitu, nikatuma.

Alasiri ileile nguruwe wakaja kweli. Mama akapiga debe, nami nikapaza sauti yangu yote. Bonde kimya. Akapiga tena, na nguruwe wako ndani ya mpunga wanakoroma. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha debe likalia upande wa shamba la pili. Likafuata jingine, na jingine. Bibi akatokeza njiani na panga lake, akasimama mbali, mkono kiunoni.

"Sema mapema, leo nguruwe au nyota?"

"Nguruwe, bibi!" nikajibu huku nalia.

"Haya," akasema, akapandisha kanga magotini, akaingia mpungani.