Kadi ya Kijani kwa Mtani

Msimu ule wa ligi ya taifa ya mpira wa magongo ya wanawake nilikuwa golikipa, na naomba nisipongezwe. Mavazi ya kipa yalikuwa ya saizi moja tu, na katika timu nzima mimi ndiye niliyeyajaza. Kocha wetu, mwalimu wa jiografia aliyejifunza mchezo huu kwenye simu, alinitazama juu mpaka chini siku ya kwanza, akasema, "Dada, wewe kasimame pale." Nikasimama pale miaka mitatu.

Uwanja wetu ulikuwa Nzuguni, udongo mtupu. Wenzetu huko duniani huchezea kwenye nyasi bandia, tena wakazimwagia maji kwanza mpira uteleze. Sisi Dodoma maji ya kuoga yenyewe tunayavizia bombani. Mpira ukigonga kokoto ulibadili mawazo njiani, na upepo ukivuma vumbi lilifunika eneo langu lote, nikabaki na magodoro yangu ya kipa miguuni nisijue mpira uko mkoa gani.

Ndiyo maana nilimhitaji beki wetu wa kati. Alikuwa Mgogo wa kijiji kilicho nyuma ya Ihumwa, mwembamba, na sauti ya mtu aliyekua akiita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Yeye ndiye aliyeniwia macho. "Kipa, kushoto! Kushoto, we mzigo! Mkono ambao hushikii tonge!" Alinitukana mechi zote, mwanzo mpaka mwisho, na kila goli nililookoa liliokolewa na matusi yake.

Mama yake alikuwa shabiki wetu pekee ambaye hakulazimishwa na mtu. Alikuja na kigoda chake, akakaa pembeni, akauliza kwa sauti nimefanya kosa gani mpaka nikafungwa magodoro na kupigwa mawe. Timu nzima tulimwamkia shikamoo, mmoja mmoja, naye aliitikia kila mmoja kwa kituo. Mechi ikichelewa, shauri yake.

Wiki mbili kabla ya mechi ya mwisho mama yule akafariki. Aliugua Jumatatu, Ijumaa tukazika. Tulikwenda wote, tukachota maji, tukapika, tukalala kwenye mikeka na akina mama wa pale kijijini. Beki wetu hakulia. Hakulia kaburini wala wageni walipoaga, na tangu siku ile hakusema neno. Sisemi kwamba aliongea kidogo. Hakusema kabisa, ukimuuliza kitu anatikisa kichwa. Shangazi yake mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nendeni naye huko uwanjani. Labda atapiga kelele."

Akaja mazoezini na akacheza vizuri kuliko siku zote, kimya kama mlango uliofungwa. Mimi nilifungwa magoli ambayo hata mtoto wa chekechea angeyazuia. Kocha aliwaza msimamo wa ligi tu: sare moja ilitosha tusishike mkia, na huo mkia alikuwa akiuota. Mimi ligi ilikuwa imeshanitoka. Nilitaka yule mtu aseme neno, hata liwe la kunitukana. Niliogopa kweli.

Mechi ya mwisho tulicheza nyumbani na timu ya Tabora. Nahodha wao, mshambuliaji, alikuwa Mnyamwezi wa miraba minne. Alitusalimia wote, akamtazama beki wetu, akaniuliza mbona mtani wake amenuna. Nikamnong'oneza kwamba amefiwa na mama. Akasema, "Oo," nikadhani amesikitika.

Robo ya nne, bila kwa bila, mpira umetoka nje. Yule nahodha akatupa gongo lake, akajibwaga chini mbele ya lango langu, akaangua kilio.

"Uwii, mama mtani! Umekufa makusudi! Umesikia nakuja kula, ukaona bora ufe! Uchoyo gani huu wa Kigogo, hata mlenda hukuniachia!"

Akagaagaa kwenye vumbi, miguu juu.

Utani wa Wagogo na Wanyamwezi naujua, ni wa tangu enzi za misafara, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Lakini mimi ni mtu wa kuja, nimehamia Dodoma na wizara, na damu ilinichemka. Nilinyanyua gongo, na sijui ningempiga wapi.

Mwamuzi alinitangulia. Alikuja mbio, filimbi mdomoni, akatoa kadi ya kijani: dakika mbili nje, kwa kuchelewesha mchezo. Sheria za mpira wa magongo zimetungwa na watu wasio na watani. Nahodha akagoma kuinuka. "Mimi niko msibani," akasema. "Atakayeniinua ni mfiwa."

Mwamuzi akaingiza mkono mfukoni kutafuta kadi nyingine.

"Mwache!"

Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini niliijua. Beki wetu alikuwa amesimama kati yao, kidole usoni mwa mwamuzi. "Mwache huyo! Ni mtani wangu, amekuja kwenye msiba wangu. Wewe nani kakualika?" Kisha akamgeukia aliyelala. "Na wewe inuka, mpagazi we! Babu zako walipita kwetu na mizigo ya watu kichwani. Mama angekupa nini, na kichwa chenyewe kimejaa?" Akampa mkono, akamwinua.

Mwamuzi alimpa beki wetu kadi ya njano kwa kumfokea, dakika tano. Kocha akashika kichwa. Wale wawili wakatoka pamoja wakakaa benchi moja, letu, na kutoka pale sauti ikanifikia ikivuka uwanja mzima: "Kipa! Toka golini! Toka, we gunia la pumba!" Dakika mbili za nahodha zikaisha, wenzake wakamwita kwa mikono miwili, hakuinuka.

Halafu, katikati ya tusi, sauti ikakatika.

Nikageuza kichwa. Beki wetu alikuwa ameinama mapajani kwa mtani wake, mabega yakimtikisika, na mtani anampangusa uso kwa jezi iliyojaa vumbi. Mtani naye analia, safari hii bila maneno.

Nyuma yangu mpira uligonga ubao wa ndani ya lango: goli.

Tulishika mkia. Wenzangu walinijia juu, na kocha akaniuliza mara tatu ilikuwaje, maana shuti lenyewe lilikuwa la polepole. Nikamwambia sikuuona mpira. Niliuona vizuri sana, tangu ulipoanza kuja, kabla sijageuza kichwa.