Ekzosi Iliyopasuka Palepale

Asubuhi moja ya ujana wangu naikumbuka vizuri, mwanangu. Niliamka Iyunga, nikafunga blanketi nyuma ya pikipiki ya marehemu baba, nikaondoka bila kujua ninakwenda wapi. Ndiyo ilikuwa tabia yangu. Shule niliiacha darasa la sita, wala si kwa ukaidi. Kila gari lililopita barabarani lilinifanya nijiulize linakwenda wapi. Siku hiyo nilielekeza tairi upande linakotokea jua, basi.

Pikipiki ile ilikuwa ya silinda moja, ya zamani kuliko mimi, na ndicho kitu pekee alichoniachia baba. Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ekzosi ilikuwa ikipasuka palepale kila mara, chini ya injini, bomba linapokunja kona. Fundi wa Mbalizi alichomelea, ikapasuka. Wa Uyole akachomelea tena, ikapasuka. Wa Chimala akabandika bamba nene juu ya ufa, ikapasuka pembeni mwa bamba. Nilichoka. Nikaapa kwamba ikipasuka tena naiuza kama chuma chakavu, ingawa moyo uliniuma.

Ilipasuka Nyololo, kwenye ukungu na baridi. Mlio uligeuka ghafla, ukawa kama wa mtu anayekohoa ndani ya debe. Niliisukuma hadi kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa kando ya barabara. Nikamkuta mama mtu mzima, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, anaizunguka mashine iliyozimwa huku akijaribu kila bolti kwa spana.

"Kamwene, mama," nilimsalimu kwa salamu ya huko. "Nani hapa ananunua vyuma chakavu?"

"Kamwene," alisema, akaendelea mpaka bolti ya mwisho.

Nikacheka. "Mbona unazihesabu kama kuku?"

"Kuku akipotea nitakula maharage. Bolti ikipotea, kijiji chote kinakula nini, wewe?"

Jina lake Mama Salome. Mashine ilikuwa yake, na haikuwashwa hata mara moja kabla hajazigusa bolti zote. Hata kuchomelea alichomelea mwenyewe, maana mafundi walikuwa mbali. Aliinama akatazama yale mabamba.

"Hii ndiyo unataka kuuza? Imekukosea nini?"

"Inapasuka, mama. Mafundi watatu wameshindwa."

"Iwashe."

Niliwasha. Akaweka kiganja kwenye injini, kisha kwenye fremu, kisha tena kwenye injini.

"Zima. Injini inacheza. Hao watatu walitazama palipopasuka. Na wewe mwenye mali, ulikuwa unatazama wapi? Barabarani?"

Alinipata, mwanangu. Kweli, kila ilipochomelewa niliondoka hata chuma hakijapoa.

Bolti ya nyuma ya injini ilikuwa imekula tundu lake. Alilipanua akatia bolti nene. Kishikio cha silensa kilikuwa kimekatika siku nyingi, mtu akafunga waya tu; Mama Salome akatengeneza kingine. Kisha akaniambia nilegeze ekzosi yote. Nilipotoa nati ya mwisho, bomba liliruka pembeni upana wa vidole viwili, karibu linipige mkono.

"Umeona? Wanalivuta kwa nguvu mpaka lifike kwenye tundu, halafu wanalikaza. Likipata moto, likitikiswa na injini, lifanye nini tena?"

Alipasha moto ile kona, akalikunja bomba kidogo kidogo mpaka likakaa lenyewe mahali pake bila kusukumwa. Hapo ndipo alipong'oa mabamba yote na kuchomelea ufa. Nikashika kofia yangu.

"Wee, kaa chini. Chuma hakijapoa."

Nilikaa. Tulikula viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi, akinicheka jinsi miguu yangu ilivyokuwa haitulii. Chuma kilipopoa, alinipa spana nikaze mwenyewe, nikianzia kwenye injini kurudi nyuma.

Njiani nilisimama mara mbili kugusa bolti. Iringa niliingia jua likiwa bado juu ya vilima. Nilikuwa sijawahi kufika mji ule. Nilichunguza ile kona, hapakuwa na ufa hata wa unywele. Mtaa wa Kihesa nikapata chumba cha uani, na mama mwenye nyumba akaniuliza, "Na hilo lipikipiki lako litalala wapi?"

"Ndani pamoja nami, mama. Siliuzi."

"Nani kakwambia nalitaka?" Akacheka, akanipa ufunguo.

Mwanangu, kitu kikikuvunjikia mahali palepale mara ya pili, usikimbilie kuongeza bamba. Kaa nacho. Weka kiganja, tafuta kinachotikisika, hata kama kiko mbali na ufa. Kama umekilazimisha kitu kukaa mahali, iwe kazi, iwe ndoa, iwe urafiki, kilegeze kwanza ukione kinavyotaka kukaa, ndipo ukaze. Na kusafiri sikukatazi, mimi nimezunguka mpaka mvi zimenikuta njiani. Nakuomba tu usiondoke kabla chuma hakijapoa.

Mungu akulinde barabarani, akupe mikono yenye subira, na kila mji utakaoufikia akuwekee mtu wa kukufungulia mlango.